Waridi Linapukutika, Tulipu Haitoi Ua: Kutafuta Chanzo cha Matatizo ya Maua Bustanini Mwanza

Mwenye waridi Mwanza akiona jani limebadilika rangi, swali lake la kwanza huwa "nipige dawa gani?" Swali hilo linauza chupa nyingi kwenye maduka ya pembejeo na kuponya mawaridi machache. Lenye faida zaidi ni swali la maji: yametoka wapi, yametuama wapi, na kwa muda gani. Hapa kwetu, nyuzi mbili na nusu kusini mwa ikweta na mita zipatazo 1,140 juu ya usawa wa bahari, hakuna baridi kali ya kuilaza mimea. Kinachopanga mwaka ni mvua. Vuli huanza Oktoba hadi Desemba, Januari na Februari jua hurudi kwa muda, masika hushika Machi hadi Mei, kisha kiangazi. Karibu kila dalili iliyoandikwa hapa chini ina msimu wake, na ukishaujua msimu, nusu ya jibu unayo.

Majani yana madoa meusi, yanageuka manjano, yanadondoka

Huu ndio ugonjwa unaosumbua zaidi mawaridi ya kandokando ya ziwa, kwa hiyo nitakaa nao kidogo. Doa lenyewe liko upande wa juu wa jani, jeusi, la mviringo, na ukilisogeza karibu na jicho utaona kingo zake hazikunyooka, zimechanikachanika kama uzi uliofumuka. Pembeni ya doa jani linageuka manjano, halafu linadondoka hata kama nusu yake bado ni ya kijani. Ugonjwa unaanzia majani ya chini na kupanda juu. Masika yakiisha, shina linabaki vijiti vitupu vyenye vijani vichache kileleni.

Chanzo ni ukungu uitwao Diplocarpon rosae. Vijimbegu vyake haviwezi kuingia kwenye jani kavu. Vinahitaji jani libaki limelowa takriban saa saba mfululizo, na joto la nyuzi 18 hadi 24 ndilo vinalolipenda. Sasa chukua usiku wa Aprili pale Bwiru au Luchelele: mvua imenyesha jioni, upepo umetulia, unyevu wa ziwa umejaa hewani. Saa saba zinatimia kabla jogoo hajawika. Mvua huwezi kuizuia. Lakini watu wengi hufanya jambo hilohilo kwa mikono yao hata kiangazi, kwa kumwagilia saa kumi na mbili jioni wakitoka kazini, mpira juu kwa juu kama wanaosha gari. Majani yanalala na maji hadi kesho yake. Ukimwagilia saa moja asubuhi, hata ukiyalowesha, jua na upepo vitayakausha mapema na ukungu hautapata muda unaoutaka. Vizuri zaidi ni kuelekeza maji chini kwenye shina na kuyaacha majani yalivyo.

Kuhusu dawa: zile zenye mankozebi, ambazo hazikosekani kwa sababu wakulima wa nyanya wanazitumia, hukinga jani lililo zima. Haziponyi jani lililokwisha kuugua. Doa lililotokea halifutiki. Kwa hiyo anayesubiri shina lote liwe na madoa ndipo apige, anaosha majani yanayokwenda kudondoka. Kama ni kupiga, piga mwanzoni mwa mvua, rudia kwa muda ulioandikwa kwenye lebo, na vaa glavu na kitu cha kuziba pua na mdomo. Kabla ya hapo kuna kazi isiyo na gharama: okota kila jani lililodondoka ulichome au ulifukie mbali, maana ukungu unaendelea kuishi humo, pogolea matawi ya katikati ili upepo upite, na mashina yaachane sentimita 60 hadi 90. Waridi lililobanwa kwenye kona ya ukuta na tangi la maji halitapona kwa dawa yoyote.

Aina nayo ina uzito. Ukiona kwa jirani waridi limepita masika mawili na majani yake, mwombe kipande cha kupanda kabla hujanunua lile lenye picha nzuri kwenye kiriba.

Manjano bila madoa

Hapa angalia ni majani gani. Yakiwa ya chini, ya zamani, yanapauka yote sawasawa na shina limedumaa, mara nyingi ni njaa ya naitrojeni, hasa kwenye udongo wa kichanga ambako mvua imeshusha virutubisho chini ya mizizi. Samadi ya ng'ombe iliyoiva inatosha kuanzia, ndoo moja kwa shina kabla ya vuli na nyingine kabla ya masika. Ya kuku isubiri ioze kabisa, la sivyo inababua mizizi na kingo za majani zinakuwa za kahawia ndani ya siku chache.

Yakiwa ni majani machanga ya juu yaliyopauka huku mishipa yake ikibaki kijani kibichi, hiyo ni dalili ya upungufu wa madini ya chuma. Mara nyingi chuma kimo udongoni, ila mizizi haiwezi kukichukua kwa sababu udongo umepoteza uchachu wake. Waridi linapenda pH, yaani kipimo cha uchachu wa udongo, ya 6 hadi 6.5. Muulize mwenye bustani majivu ya jikoni anamwaga wapi. Kwa wengi jibu ni "hapo hapo kwenye maua, si mbolea?" Kiganja kimoja kwa msimu hakina neno, lakini majivu ya jiko la mkaa yakimwagwa kila asubuhi yanafanya kazi ya chokaa. Shina lililo ubavuni mwa ukuta mpya uliopigwa plasta linapata shida ileile kutokana na saruji iliyodondoka. Acha majivu, weka mboji nyingi, na uwe na subira, kwa maana udongo haugeuki kwa wiki moja.

Limenyauka, na udongo umelowa

Mwanza tunaiita Jiji la Miamba kwa haki. Bugando, Igogo, Mabatini, Capri Point, nyumba ziko juu ya mawe na bustani ziko katikati ya mawe. Shimo lililo kati ya miamba miwili linaonekana zuri kwa kupandia, limejikinga na mbuzi, lina udongo mweusi uliokusanyika humo miaka na miaka. Ila chini yake kuna jiwe moja kubwa, na maji yakiingia hayana pa kutokea. Masika mizizi inakosa hewa na kuoza. Mzizi uliooza haunywi maji, kwa hiyo majani yananyauka mchana, mwenye bustani anadhani ni kiu, anaongeza ndoo nyingine. Shina hilohilo likivuka masika, Agosti linakauka kweli kwa sababu udongo wenyewe ni kina cha kiganja na jiwe lililopata jua mchana kutwa linautoa ule moto usiku.

Kipimo ni rahisi. Chimba shimo la sentimita 45, lijaze maji, acha yaishe, lijaze tena. Kama maji ya mara ya pili bado yapo jioni uliyoyamwaga asubuhi, hapo si mahali pa waridi. Usichimbe zaidi, inua. Panga mawe, ambayo hapa hayanunuliwi, utengeneze tuta la sentimita 30 hadi 40 kwenda juu, ulijaze udongo uliochanganywa na samadi iliyoiva na mchanga kidogo.

Wasukuma wamegawanya udongo wao kwa majina, na ukimuuliza mzee wa Kisesa au Buhongwa kiwanja chako ni cha aina gani atakujibu papo hapo. Luseni ni wa kichanga unaotokana na miamba: hautuamishi maji, ila una njaa, unataka mbolea kidogo kidogo mara nyingi. Mbuga ni ule mweusi wa bondeni, una chakula, lakini masika unakuwa ugali na kiangazi unapasuka na kukata mizizi midogo. Ibambasi ni mgumu chini, maji hayapenyi. Huo ni wa matuta tu, usibishane nao.

Kama maji yanapita vizuri na bado shina linanyauka, ling'oe moja uangalie mizizi. Mizizi yenye vinundu vinundu kama shanga ni kazi ya minyoo fundo, na mara nyingi utakuta pale palikuwa na nyanya au bamia. Hamisha waridi, na kwenye sehemu ile panda bangi mwitu wa bustani, yaani lile ua la manjano na chungwa la tagetesi, au uache nyasi kwa misimu kadhaa. Mizizi iliyogugunwa, na njia za udongo zimepanda kwenye shina, ni mchwa. Hawa huja zaidi kiangazi, na wengi wanakaribishwa na matandazo yaliyolundikwa hadi kugusa shina. Matandazo yaachane na shina upana wa kiganja.

Kwa matandazo tunayo mali mbili karibu: pumba za mpunga kutoka mashineni na magugu maji yanayosukumwa ufukweni. Magugu maji yaanike kwanza juani mpaka yakauke. Rundo kubwa litabaki dogo la kukuvunja moyo, kwa sababu karibu yote ni maji. Kwa maua hayana shida. Kwenye mchicha nisingeyatumia bila kujua yametoka upande gani wa ziwa, kwa sababu yana tabia ya kunyonya vyuma vizito kutoka kwenye maji machafu.

Majani yamepauka na kuna utando

Tenganisha mambo mawili hapa, kwa sababu kwetu yanachanganyika kuliko mahali pengine. Nzi wa ziwa wakitoka, wale wanaopanda kama moshi juu ya maji na kuingia mpaka kwenye sufuria, buibui wa bustanini wanafanya sherehe. Wanatandaza nyavu toka tawi hadi tawi, na nyavu zinajaa nzi waliokufa. Mtu akiona utando na wadudu kwenye waridi lake anaenda kununua dawa kali. Nzi wa ziwa hawali jani lako. Buibui hao nao wanakula adui zako. Chukua fagio, toa utando kama unakukera, basi.

Utando wa utitiri mwekundu ni mwembamba mno, uko chini ya jani na kwenye pembe za vikonyo, na jani lenyewe kwa juu limejaa vitone vidogo vidogo vya rangi ya vumbi, kana kwamba limechomwachomwa na pini. Kuhakikisha, shika karatasi nyeupe chini ya tawi ulipigepige jani. Vumbi likianguka na likaanza kutembea, ndiye huyo. Wanapenda joto na ukavu, kwa hiyo tegemea kuwaona Januari na Februari, tena Agosti na Septemba, hasa kwenye mashina yaliyo kando ya ukuta au barabara ya vumbi.

Utitiri si mdudu, ni jamii ya buibui, na hili lina gharama. Dawa nyingi za kawaida za wadudu, zile zenye jina linaloishia na "-thrini", haziwadhuru sana bali zinaua wale wanaowala, na baada ya wiki mbili utitiri umeongezeka. Anza na maji: asubuhi, kwa mpira wenye msukumo, piga chini ya majani, rudia kila baada ya siku mbili tatu. Wakizidi, ulizia dawa ya utitiri hasa, kama yenye abamektini, na usiipige mchana wakati nyuki wako kwenye maua.

Unga mweupe

Ubwiri unga unakuja Juni hadi Agosti, mchana mkavu na usiku wenye ubaridi kutoka ziwani. Tofauti na madoa meusi, huu hauhitaji jani lililolowa. Majani machanga yanajikunja na kupakwa unga. Kata ncha zilizoathirika, punguza mbolea ya naitrojeni inayoleta machipukizi laini, na salfa inafanya kazi nzuri ikipigwa mapema. Ila usiipige siku ya joto kali, huunguza.

Vidukari, au wadudu mafuta, wanaokaa makundi makundi kwenye ncha na chini ya matumba, wengi wanaondoka kwa maji ya mpira na vidole. Sabuni ya kipande iliyoyeyushwa kidogo kwenye maji inasaidia. Sabuni ya unga ya kufulia hapana. Nimeona majani yameungua kwa sabuni kuliko yalivyokuwa yameharibiwa na vidukari.

Kuna kitu kinakula

Jani lililokatwa nusu duara safi pembeni, kama kwa mkasi wa kushonea, ni nyuki wakata majani wanaojengea viota. Hawarudii sana, waache. Matundu yasiyo na mpango katikati ya jani na petali zilizotafunwa, na mchana huoni kitu, toka na tochi saa mbili usiku uwaone mbawakavu. Waokote.

Ncha zote zimekatwa kwa pamoja kwa urefu wa goti, mwiba na vyote, na kuna vinyesi vidogo vya mviringo kwenye jiwe la jirani: hao ni pimbi. Wanaoishi karibu na miamba wanawajua. Hawaogopi miiba, wanapenda machipukizi mapya baada tu ya kupogolea, na dawa yao ni wavu wa kuku kuzunguka shina kwa wiki chache mpaka matawi yakomae. Nimeambiwa pilipili, nimeambiwa mkojo wa mbwa. Wavu ndio unaofanya kazi.

Tumba limetokea, halifunguki

Kama ni msimu wa mvua, tumba limevimba, petali za nje zimekuwa kahawia na kugandamana kama karatasi iliyolowa ikakauka, ni mvua yenyewe. Aina zenye petali nyingi mno ndizo zinazoumia. Wakati mwingine ukizimenya zile petali za nje kwa kidole ua la ndani linafunguka. Kama juu yake kuna manyoya ya kijivu, ni kuoza. Kata, usiliache chini.

Kama ni kiangazi, na petali zina kingo za kahawia, zimepinda, hasa kwenye maua meupe na ya njano, lifungue tumba moja taratibu ulikung'ute kiganjani. Vijidudu vyembamba virefu kama kipande cha uzi, vinakimbia kuingia kwenye mikunjo ya ngozi: ni thiripi. Wanajificha ndani, dawa haiwafikii kirahisi, kwa hiyo kukata na kuharibu matumba yaliyoathirika kunafaa kuliko kupulizia.

Na lile lalamiko kwamba ua ni dogo kuliko yale ya Arusha: si ugonjwa. Mawaridi ya kuuzwa nje yanalimwa nyanda za juu, Naivasha ya Kenya iko karibu mita 1,900, na ubaridi wa huko hulikuza tumba polepole likawa kubwa. Kwetu tumba linakimbia. Chagua aina zinazotoa maua mengi ya ukubwa wa kati, utafurahi zaidi.

Nilinunua jekundu, sasa linatoa mengine

Watu husema udongo umelibadilisha. Waridi la kitaluni mara nyingi limebebeshwa: juu aina ya ua unalolitaka, chini mzizi wa waridi mwitu wenye nguvu. Ule uvimbe kwenye shina karibu na udongo ndio kiungo. Chipukizi lolote linalotoka chini ya uvimbe ni la mzizi, na kwa kuwa lina nguvu kuliko lililo juu, likiachwa linakula chakula chote mpaka lile jekundu linakufa kimyakimya. Majani yake mara nyingi yana rangi na umbo tofauti. Fukua udongo mpaka linapoanzia ulinyofoe kwa mkono. Ukilikata kwa mkasi juu ya udongo, yatarudi matatu.

Wanaochomeka vijiti vya maua ya kwenye harusi wajue vinaweza kuota, ila aina zile zimezoea kuishi chini ya nailoni na juu ya mzizi wa mwingine. Kwa mizizi yake mwenyewe, kwenye mvua zetu, mengi hayana maisha marefu.

Hakuna maua kabisa

Jua chini ya saa sita kwa siku, hakuna haja ya kutafuta sababu nyingine. Mwembe wa jirani umekua. Kama jua lipo, basi ni kupogolea. Kwa kuwa hatuna baridi ya kulisimamisha waridi, lisipokatwa linarefuka tu na kuchoka. Mimi napogolea sana mara moja, mwisho wa Agosti au mwanzo wa Septemba, nikiondoa theluthi hadi nusu ya urefu pamoja na matawi makavu, ili machipukizi yakutane na vuli. Kata kwa mshazari juu kidogo ya jicho, pale chipukizi linapotokea, linalotazama nje. Kutoka mkato hadi ua ni wiki sita hadi nane. Usipogolee sana katikati ya masika, kila kidonda ni mlango wa ukungu.

Tulipu na wenzake

Oktoba huwa kuna pakiti za vitunguu vya maua zimetoka Ulaya kwenye sanduku la ndugu: tulipu, dafodili, krokasi. Mama mmoja wa Nyegezi aliniletea kitunguu kimoja cha tulipu mkononi, kimefungwa kwenye gazeti. "Mwanangu, nimekipanda Oktoba kama karatasi ilivyosema. Kimetoa majani mawili, kikakaa. Nimekikosea nini?" Tulikipasua kwa kisu cha jikoni. Katikati, kati ya magamba meupe, kulikuwa na kitu kidogo cha kahawia, kimekauka, urefu wa punje ya mchele. Lile lilikuwa ua lake.

Hakukosea kitu. Kitunguu cha tulipu kinauzwa kikiwa na ua lililokwisha kuumbika ndani, na mmea huo asili yake ni milima ya Asia ya Kati. Ili kikonyo kirefuke na kulitoa ua nje, unahitaji wiki 12 hadi 16 za baridi ya chini ya nyuzi 10. Uholanzi wanapanda Oktoba na Novemba, udongo unapoa, majira ya baridi yanafanya kazi hiyo bure, na maua yanatoka Machi hadi Mei. Usiku wetu wa baridi kabisa wa Julai haufiki huko, sembuse udongo. Kitunguu kikipandwa moja kwa moja kinatoa majani, kinasubiri baridi isiyokuja, ua linakufia ndani, kisha masika yanakiozesha.

Anayetaka kujaribu ana friji. Weka vitunguu kwenye mfuko wa karatasi wenye matundu, sehemu ya chini ya friji na si ya kugandisha, wiki hizo zote bila kuruka. Visikae na maembe, ndizi wala nyanya zinazoiva, kwa sababu gesi ya ethilini inayotoka kwenye matunda inaua ua changa. Ni sababu ya kawaida ya tumba kutoka likiwa limekauka hata baada ya baridi kamili. Andika kwa herufi kubwa SI CHAKULA. Vitunguu vya dafodili vina sumu inayotapisha, na kwenye friji vinafanana sana na vitunguu vya kachumbari. Ukivitoa, panda kwenye chungu, kivulini, mahali pa ubaridi kuliko pote ulipo napo. Ua likija litakaa siku chache, na mwaka unaofuata halirudi. Kwa maoni yangu ni umeme mwingi kwa furaha fupi. Na kabla ya kuagiza, kumbuka kuingiza mimea kunataka kibali na cheti cha afya ya mimea. Wanaohusika ni Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA.

Vitunguu vinavyotaka mvua

Vuli ndiyo inayoamsha vitunguu vya kwetu. Panda Septemba: amarilisi, gladiola, tuberosi, na yule mwekundu wa porini mwenye ua la duara kama mpira wa miale, Scadoxus multiflorus, anayetoka ardhini mvua za kwanza zikigusa udongo. Gladiola zinataka kina cha sentimita 10 hadi 15 na zitatoa ua baada ya miezi mitatu hivi. Panda chache kila wiki mbili usipate yote siku moja. Zikiwa na michirizi ya fedha kwenye majani na maua yasiyofunguka, ni thiripi tena.

Amarilisi inatoa majani mazuri bila ua: uliza imepumzika lini. Hii haihitaji baridi, inahitaji ukavu. Simamisha maji Juni, acha majani yakauke, iache wiki nane hadi kumi, kisha ianze kumwagiliwa Septemba. Ile iliyo karibu na bomba linalovuja hailali, kwa hiyo haitoi ua. Sababu nyingine ni kivuli, au kitunguu bado kidogo. Cha mtoto kilichobanduliwa kwa mama yake kinaweza kuchukua miaka miwili au mitatu.

Kitunguu kimelainika na kinanuka: kimezikwa chini mno au maji yametuama. Shingo ya amarilisi ikae juu ya udongo. Madoa mekundu ya kutu kwenye majani na kikonyo, kikonyo kimepinda upande wa doa, ni ukungu mwingine. Kata sehemu hiyo, usimwagilie juu.

Na ukikuta majani yamekuwa membamba kama nailoni, yamebaki ngozi tu, au kikonyo kimeanguka kikiwa na tundu, pasua jani hilo. Ndani kuna viwavi weusi wenye madoa ya manjano, wengi, wananuka ukiwaponda. Hawa wanakula jamii ya amarilisi na yungiyungi za porini, na wakishamaliza majani wanashuka kwenye kitunguu. Dawa ya kupulizia haiwafikii wakiwa ndani. Kata majani yote yenye viwavi uyatumbukize kwenye ndoo ya maji ya sabuni, fukua udongo kuzunguka shingo uwaokote walioshuka, na kague tena kila jioni kwa wiki nzima, maana mayai yamewekwa kwa makundi upande wa chini wa jani na hayaanguliwi yote siku moja. Kitunguu kikibaki kigumu ukikibonyeza, kitachipua tena.